Kishale cha penseli

Nimetoka Victory Field sasa hivi, uwanja wa besiboli hapa Indianapolis, Marekani. Suruali imejaa majani.

Mimi na besiboli mnanijua. Sheria bado zinanichanganya. Huwa naenda kwa sababu tunakaa kwenye nyasi na watoto wanakimbia wapendavyo.

Leo nikamuuliza mzee mmoja aliyekaa karibu: yule mchezaji kijana, mwembamba, wa mwezi uliopita yuko wapi?

Hakujibu. Akafungua daftari lake la matokeo, akaniwekea kidole kwenye jina. Pembeni kulikuwa na kishale kidogo cha penseli, kinaelekea juu.

Kaitwa Pittsburgh, kwa Pirates, timu kubwa ambayo hii ya hapa ni tawi lake la ligi ndogo. Ligi kuu!

Na mimi nilimcheka siku ile alivyokuwa anapiga hewa tu.

Mzee akaniuliza natoka wapi. Nikasema Afrika. Macho yakamwaka: “Unamjua Gift Ngoepe?”

Kijana wa Afrika Kusini. Pirates walimsajili 2008, akasota ligi ndogo miaka na miaka, akapitia uwanja huu huu. Tarehe 26 Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu. Zamu yake ya kwanza kushika gongo, akapiga, akafika kituo cha kwanza salama!

Nikauliza, naye ulimchorea kishale?

“Yule nilimchorea kwa wino.”

Leo sidhani kama nitalala, jamani. Nawaza kile kishale.

Haya, nani hapa aliwahi kumcheka mtu, kesho yake akasikia kapanda? Semeni, nisiwe peke yangu.