Usiku niliojibu "MIMI" kwa mluzi

Nilikuwa na miaka 14, likizo nzima niko kwa mjomba, ambaye zamani alikuwa opereta wa redio melini enzi hizo Morse, yaani kila herufi inatumwa kwa milio mifupi (nukta) na mirefu (mistari), ndo ilikuwa kazi. Nilienda kwake najiamini kabisa maana nilishachora herufi zote 26 kwenye karatasi, nukta na mistari, nikakariri siku 3. Akapiga mluzi mmoja tu mfupi halafu mrefu, akauliza hiyo nini. Nikakaa kimya, coz nilikuwa natafuta karatasi kichwani, nahesabu. Akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni. "Mpwa wangu, sikio halisomi karatasi. Sema di-daa. Hiyo ni A."

Basi tukaanza upya, bila kuandika kitu. E ni di, T ni daa. I ni di-di, M ni daa-daa. Halafu A na N, na hapo ndo nilipoteseka kweli, maana N ni daa-di, ni A iliyogeuzwa, na ukisikia haraka zinakuchanganya vibaya. Alikuwa mkali sana kwenye nafasi: daa iwe ndefu mara 3 ya di, kati ya herufi unyamaze kiasi cha di 3, kati ya maneno 7. Kumbe ukimya nao unasomwa! Ukiubana, T na E zinashikana zinakuwa N, umeshaharibu neno la mtu.

Siku 4 herufi 6 tu, nikaona tunachelewa.

Usiku wa tano nimetoka nje kurudi nakuta mlango umefungwa kwa ndani, nikagonga. Hajaitikia. Nikasikia mluzi, taratibu, daa-di... di-daa... daa-di... di-di. Sikuhesabu chochote jamani, nakumbuka vizuri kabisa, sikuona nukta wala mstari, nilisikia tu mtu ananiuliza NANI, kama vile ameongea kwa mdomo. Mwili ukanisisimka. Nikalamba midomo maana ilikuwa imekauka, nikapiga daa-daa, di-di, daa-daa, di-di, ile M ya pili nikaikata fupi ikabidi nirudie neno lote toka mwanzo.

Kimya kidogo. Halafu komeo likavutwa.