Gundi iliganda mchana, alfajiri ikarudi maji

Nashona vitabu vya nyimbo na kubandika mifuko ya karatasi hapa Kadutu, Bukavu. Gundi yangu ni unga wa methiliselulosi, unaotengenezwa kwa selulosi ya mimea na kukorogwa kwa maji. Naupenda: ukikauka haugeuzi karatasi kuwa ya manjano, wala hauiti mende kama uji wa mihogo.

Kiangazi kilichopita gundi ilianza kutoa harufu. Mzee jirani akaniambia, "Mama, tia chumvi, kama ya samaki." Nikatia vijiko vinne vya mezani kwa lita moja, nikaacha sufuria nyeusi kibarazani. Saa nane mchana brashi ilikataa kuingia. Juu kulikuwa na tabaka jeupe linalotikisika kama maziwa ya mgando. Niliumia, maana unga huo ni ghali, nikaiweka kando ili niimwage. Alfajiri, kwa baridi yetu ya huku, nikaikuta angavu, inavutika vizuri kidoleni.

Nikaazima kipimajoto, nikapanga glasi tatu za gundi, nusu lita kila moja, ndani ya sufuria ya maji juu ya mbabula, jiko letu la makaa, makaa kidogo tu. Isiyo na chumvi iliganda ilipofika nyuzi 52. Ya kijiko kimoja, 45. Ya vijiko viwili, 38! Nilirudia mara tatu kwa siku mbili, mpangilio ukabaki uleule.

Uji wa mihogo ukipikwa haurudi tena kuwa maji, lakini gundi ya methiliselulosi inarudi. Kwenye baridi maji huizunguka minyororo ya molekuli za selulosi na kuitenganisha. Joto likipanda, maji huiachia, nayo hushikana kwa zile sehemu zisizopenda maji. Chumvi nayo huyavutia maji kwake, basi minyororo hushikana mapema, hata kwa jua la kibarazani tu. Unga wa CMC (kaboksimethiliselulosi), ambao wengi sokoni hudhani ni uleule, haugandi kwa joto, na chumvi huufanya mwepesi.

Sasa natawanya unga kwenye theluthi ya maji, yakiwa moto sana, nikikoroga mpaka kila chembe ilowe, kisha naongeza maji ya baridi na kuacha usiku kucha. Mabonge yamekwisha kabisa. Nakoroga ya siku mbili tu, bila chumvi.

Ile ya chumvi niliimalizia kwenye mifuko, asubuhi kabla jua halijafika kibarazani. Kwenye vitabu sikuitia, kwa kuwa chumvi huvuta unyevu.