Katikati ya Wapi?

“Nani alikuchorea hapa?”

Mtoto ameukuta mswada wangu wa zamani, ule wa maelekezo ya kushona vijitabu kwa mkono, na kidole chake kiko kwenye alama za penseli pambizoni. Si nyingi: vistari vifupi, alama za kuuliza mbili tatu, na mahali pamoja neno “wapi?” kwa mwandiko wa mtu aliyeishi na majalada. Nikamwambia ni za mzee wa masjala. Jibu halikumtosha, akaenda zake, mimi nikabaki na ukurasa.

Mzee alikuwa amestaafu, na kushona karatasi hakuwahi. Ndiyo sababu nilimwomba asome. Mafundi wawili walikuwa wameshaupitia mswada ule na kuurudisha mweupe, juu wameandika “uko sawa”. Kwao ulikuwa sawa kweli. Fundi akisoma maelekezo ya kazi anayoijua, mkono wake huziba pengo kabla jicho halijaliona. Mwulize kama kipimo ni sahihi na kama uzi uliotajwa utahimili. Hapo hana mpinzani. Ila mahali maelezo yanapokatika hawezi kukuonyesha, maana kwake hayakatiki.

Nakala ya mzee niliichapa kwa nafasi mbili kati ya mistari, pambizo la kulia sentimita 5, na namba kila baada ya mistari mitano. Bila namba, msomaji husema “pale juu kidogo”, na jioni yote huishia kutafuta pale juu. Mezani palikuwa na karatasi 8 za A4, rula, msharasi wa kutobolea, sindano ya ncha butu na uzi wa kitani uliopakwa nta. Masharti yalikuwa mawili. Yeye asome kwa sauti na kufanya kile tu kilichoandikwa. Mimi ninyamaze.

Alikunja karatasi zote, akazipachika moja ndani ya nyingine, zikawa kurasa 32. Akapima mgongo, sentimita 21, akatoboa matundu matatu: moja katikati, mengine sentimita 3 kutoka kila ncha. Uzi akaukata mara mbili na nusu ya urefu wa mgongo. Akaanzia ndani, akatokea nje kwa tundu la kati na kuacha mkia. Akaingia kwa tundu la juu, akaliruka la kati, akatokea nje kwa tundu la chini. Hapo akasoma:

“Rudi katikati, kaza, funga fundo.”

Akanyamaza. Akasoma tena, polepole, kama anayehesabu noti. Sindano ilikuwa inaning’inia nje ya mgongo. Akakigeuza kijitabu, akachungulia ndani, akakirudisha. Kidole gumba kikagusa tundu la kati, kikateleza hadi nusu ya njia kati ya tundu hilo na la chini, kikasimama hapo, kikarudi. Miwani ikavuliwa, ikafutwa, ikavaliwa.

“Mwanangu, katikati ya wapi?”

Nikaangalia meza. Kunyamaza mbele ya mtu mzima anayekuuliza ni kukosa adabu, na tulikuwa tumekubaliana, lakini makubaliano hayapunguzi aibu. Akangoja. Alipoona hajibiwi akachukua penseli, akaandika “wapi?”, akachagua tundu la kati, akaisukuma sindano ndani.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Tundu lile tayari lilikuwa na uzi ndani yake, na sindano, hata ikiwa butu, ikauchoma. Uzi uliochomwa hautelezi tena, kwa hiyo “kaza” haikukaza kitu. Akavuta kwa nguvu zaidi, akivuta kuelekea kifuani, mbali na mgongo, na karatasi ya ndani ikachanika kutoka kwenye tundu. Ingebidi avute kwa kufuata mgongo, sambamba nao. Fundo nalo akalifunga mikia yote miwili ikiwa upande mmoja wa uzi mrefu upitao ndani, badala ya kuuweka uzi huo katikati ya mikia, hivyo likabaki limelegea bila cha kushika.

Alipomaliza alisema, “Nzuri, mwanangu. Imeeleweka.” Alisema kwa ukarimu. Tulikunywa chai.

Nimewapa wasomaji wengi miswada tangu hapo, na sijawahi tena kumwuliza mtu “umeonaje?” Swali hilo linaomba pongezi, na watu wana huruma. Mimi huuliza ulirudia kusoma wapi, wapi ulitaka kuruka, na ulipofika hapa ulitegemea nini kifuate. Msomaji mmoja akisimama mahali, naweka kistari. Wawili wakisimama palepale bila kuambizana, pana shimo. Na msomaji mpya ni wa kutumiwa kwa uchumi: mtu husoma kitu kwa mara ya kwanza mara moja tu, kwa hiyo ukiwa na wasomaji watano ukawagawia wote toleo la kwanza, la pili litakosa macho mageni. Wape wawili, rekebisha, ndipo uwape waliobaki.

Jambo jingine linalochukua muda kukubalika ni kwamba msomaji huwa sahihi mara nyingi kuhusu mahali panapouma, na si mara nyingi hivyo kuhusu dawa. Mzee alipendekeza neno “rudi” libadilishwe kuwa “rejea”. Halikuwa tatizo lake hilo, lakini alikuwa ameonyesha mstari wenyewe.

Wapo waandishi walioyapa maoni ya aina hii bei kabisa. Donald Knuth, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliweka zawadi ya dola 2.56 kwa anayegundua kosa jipya katika vitabu vyake, akawa anaandika hundi kwa mkono wake. Wengi waliopata hawakwenda benki; walizitia fremu. Mwaka 2008 aliacha hundi za kweli, akaanza kutoa vyeti vya benki ya kubuni, na watu hawakuacha kutafuta makosa.

Darwin ananitia shaka upande wa pili. Kitabu chake cha 1859 kuhusu asili ya spishi alikirekebisha toleo baada ya toleo, na katika toleo la 6, la 1872, aliongeza sura nzima ya kujibu pingamizi. Wasomi wengi leo wanapendelea kusoma toleo la kwanza. Lile la 6 limejibu karibu kila mtu, na hoja imekwenda ikibeba majibu hayo yote mgongoni.

Hatua ya mzee ilichapwa hivi: “Sindano sasa iko nje, kwenye tundu la chini. Iingize ndani kupitia tundu la kati, lile ulilotokea mwanzo. Usiuchome uzi uliomo: usogeze pembeni kwa ncha ya sindano. Vuta kwa kufuata mgongo, kwanza kuelekea juu, kisha chini. Hakikisha uzi mrefu wa ndani umepita katikati ya mikia miwili, ndipo ufunge.” Msomaji mgeni aliyefuata alishona bila kusimama.

Kisha ikaja barua ya fundi mmoja, ya adabu na fupi. Anasema hatua ile inamchukulia msomaji kama asiye na mikono, na kwamba mwanafunzi asiyeuchoma uzi walau mara moja hatajua kwa nini asiuchome. Nimeisoma mara kadhaa nikitafuta pa kumpinga. Chapa ijayo inakaribia, mhariri anataka ukurasa upunguzwe, na mstari huo bado uko na matoleo mawili kwenye faili langu, refu na fupi. Mzee, nadhani, angeniambia nichore picha.