Nilivyoziacha spika za milioni kumi na moja, kwa khanga na futi ya fundi

Naandika haya kwa sababu nimechoka na ushauri wa aina moja: "Kaka, ongeza spika." Nimeambiwa hivyo na fundi, na muuzaji, na shemeji yangu, na jamaa wa ofisini ambaye hajawahi kukanyaga sebuleni kwangu. Ningewasikiliza, leo ningekuwa nimetoa milioni kumi na moja, na nyumba ingekuwa inavuma vilevile.

Spika zangu ni KEF LS50. Kampuni hiyo ilianzia Maidstone, Uingereza, mwaka 1961, na hizi walizitoa 2012 kuadhimisha miaka 50. Ni ndogo, kila moja ina kilo 7 na ushee, koni moja ya rangi ya shaba yenye inchi 5 na robo, na twita, kile kispika cha sauti nyembamba, imekaa katikati ya koni hiyo kama kiini ndani ya yai. Walichukua mfano kwa LS3/5A, kispika cha miaka ya 1970 ambacho wahandisi wa BBC walikibuni kitoshe ndani ya magari ya kurushia matangazo. Kwenye taarabu asilia sijasikia cha kunitoa kwenye hizi. Ganuni ikipigwa unasikia kile kidude cha kidoleni kikigusa uzi, halafu ndipo noti inatoka.

Kero yangu ilikuwa dansi. Mpiga besi akishuka kwenye noti fulani, sebule nzima inaitikia. Vikombe vinalia kabatini, kifua kinatikisika, na noti mbili zinazofuata zinamezwa. Noti jirani zake zimekonda, hiyo moja imenona. Nilivumilia karibu miaka miwili.

Shemeji ndiye aliyeanza na trei za mayai. Bandika ukutani, akasema, studio zote zinafanya hivyo. Nilikusanya trei kama arobaini kwa muuza chipsi, nikazibandika kwa gundi ukuta mzima wa nyuma, kazi ya Jumamosi kutwa. Usiku ule nikaweka dansi: mvumo uko palepale, haujapungua hata chembe. Kilichopungua ni ule mng'aro wa juu, matoazi yamekuwa kama yamefunikwa blanketi. Wiki ya pili mende wakahamia. Nilipozing'oa, zilitoka na rangi ya ukuta. Tafadhali, kama kuna mtu anataka kukushauri trei za mayai, mwulize karatasi nyepesi namna ile inazuiaje besi. Wimbi la besi ni refu kuliko gari, halishughuliki na karatasi.

Fundi yeye alitaka nibadilishe nyaya. Nyaya zangu ni za shaba, nene, hazifiki mita nne. Nikamshukuru, yakaishia hapo.

Ndipo zikajitokeza zile kubwa. Jamaa mmoja anahama nchi, anauza spika za kusimama sakafuni zinazofika kiunoni, kila moja ina wufa, yaani koni za besi, mbili za inchi 8. Alitaja milioni kumi na mbili, tukashushana hadi kumi na moja. Nilimwomba jambo moja tu, na hili naliona la maana kuliko yote niliyofanya: zije zikae kwangu siku tatu kabla sijatoa hela. Nimwachie rehani ya laki tano, usafiri juu yangu. Akakubali. Kirikuu ikaja Ijumaa jioni, tukazibeba watu wawili wawili.

Nakiri, wimbo wa kwanza zilinitoa jasho. Nilishaanza kupiga hesabu ya kuvunja akiba. Halafu nikakumbuka jambo. Karatasi za KEF zinasema desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa wati moja ukiwa mita moja. Zile kubwa zimeandikwa 90. Tofauti ya desibeli 5 ni sawa na kuzipa spika zangu nguvu mara tatu. Kitufe cha sauti hakijaguswa, lakini kubwa zinapiga juu zaidi, na sikio la mwanadamu likisikia sauti kubwa zaidi linadhani ndiyo nzuri zaidi. Dukani ndivyo watu wanavyouziwa.

Kwa hiyo Jumamosi nikaita binti yangu, yuko kidato cha pili. Tulifunga kamba ya nguo kutoka dirisha hadi dirisha, tukaning'iniza khanga nne zikafunika spika zote, ndogo na kubwa. Khanga ni nyepesi, sauti inapita bila taabu. Nilijaribu kwanza nazo na bila nazo. Amplifaya yangu ina kitufe cha A na B, hivyo jozi zote mbili zilikuwa zimeunganishwa. Nilichukua simu, nikaweka programu ya kupimia desibeli, nikapiga ile sauti ya chhhhh kama ya mvua ya bati, nikatafuta kitufe cha sauti kikae wapi ili jozi zote zisome namba moja pale nilipokaa. Binti akabandika vipande viwili vya plasta nyeupe kwenye amplifaya, kimoja cha A, kingine cha B. Mimi nikageuka upande wa pili kila anapobadilisha. Yeye anaandika kwenye daftari, mimi nasema tu "hii" au "ile".

Kabla hata hatujafika mbali, kitu kikanishtua. Ikapigwa ile noti. Mvumo. Akabadilisha. Mvumo, noti ileile, vikombe vilevile. Spika mbili zisizo na undugu wowote, mbao tofauti, wufa tofauti, kiwanda tofauti, zina ugonjwa mmoja? Hapo nikajua mgonjwa siye spika.

Nikachukua futi. Sebule ina urefu mita 5.7, upana 4, kimo hadi dari 2.85. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Gawa 343 kwa 5.7, unapata hezi 60, yaani mitikisiko 60 kwa sekunde. Yaani wimbi la hezi 60 linaenea urefu wa sebule yangu barabara, bila kubaki. Na dari? 2.85 ni nusu kamili ya 5.7, kwa hiyo nusu ya wimbi lilelile inajipanga kati ya sakafu na dari. Noti moja inapewa nguvu mara mbili. Nilipocheza milio ya majaribio kutoka hezi 30 kupanda, ikifika 60 nyumba ikajibu. Kwenye gitaa la besi hapo ni karibu kabisa na noti ya "si" (B) ya chini, na wapiga besi wa dansi wanaipitia kila dakika.

Sofa langu lilikuwa limeegemea ukuta wa nyuma, kama la kila mtu. Ukutani ndipo wimbi hili lina nguvu kuliko pote. Katikati ya chumba vilevile. Robo ya urefu ndipo linalegea. Robo ya 5.7 ni kama mita 1.4. Tukasukuma sofa mbele mita 1.4 kutoka ukutani, nikakaa, nikaweka wimbo uleule.

Mpiga besi akapita kwenye ile noti kama anavyopita kwenye nyingine zote. Nilimwona binti ananiangalia. Niliurudia wimbo mara tano.

Ikabaki kutafuta mahali pa kuziweka spika, na hapo nilitumia ujanja mwingine. Unaweka spika moja juu ya sofa, mahali unapokaa, inapiga besi mfululizo, halafu wewe unatembea umechutama, sikio usawa wa kimo cha spika, ukisikiliza pembe kwa pembe. Pale besi inaposikika imetulia, hapo ndipo pa kuiweka spika. Inafanya kazi kwa sababu njia ya sauti kutoka hapa hadi pale ni ileile kutoka pale hadi hapa. Kwangu ilitoka sentimita 80 mbele ya ukuta. Tundu la nyuma la kila spika nikalitia soksi moja ya pamba iliyokunjwa. Besi ikajikaza kidogo. Kwako huenda isihitajike.

Ukabaki mwangwi, unaoupima kwa kupiga kofi, na sehemu hii ndiyo rahisi. Chumba cha matofali, sakafu ya vigae: ukipiga kofi linarudi kama linachapwa. Binti alitembeza kioo ukutani kwa pembeni, na mimi nikiwa nimekaa, kila nilipoiona twita ndani ya kioo tukatia alama ya chaki. Hapo sauti inagonga na kukurudia. Kwa majaribio nilisimamisha magodoro mawili ya sufi. Kofi likakauka. Baadaye magodoro yakarudi vyumbani, yakaja mapazia mazito na kabati la vitabu, na zulia kati ya sofa na spika. Godoro halitibu hezi 60, msichanganye. Hilo linatibiwa na mahali unapokaa.

Jumapili tukarudia mtihani wa khanga, mara kumi. Daftari likasema mara saba nilichagua zangu. Mara tatu kubwa, na zote tatu ilikuwa dansi kwa sauti ya juu sana. Sitasema uongo: ukitaka kuchezesha watu ishirini, kubwa zina haki yake. Mimi nakaa mita 3 na nusu kutoka spika, na amplifaya ya wati 50 inanitosha na chenji inabaki.

Jumatatu kirikuu ikarudi. Gharama zangu zote, pamoja na rangi ya ule ukuta, hazikufika laki nne.

Mama watoto hakupenda sofa kukaa katikati ya nyumba, na haki yake. Tulikubaliana ile mita 1.4 ya nyuma iwe yake, na sasa cherehani imekaa pale, dirishani, pana mwanga. Anashona huku anasikiliza, na yeye ndiye aliyenigutusha mwezi uliopita tulipokuwa tunaangalia mchoro wa chumba tunachoongeza uani. Fundi alikuwa ameandika urefu mita 5, kimo 2.5. "Baba, si nusu hiyo?" Fundi ameongeza kozi mbili za tofali.