Disketi ndiyo nini, mjomba?

Jana nilikuwa namfundisha binti wa dada yangu kuandika barua kwenye kompyuta. Nikamwambia, "Bonyeza hiyo disketi, uhifadhi." Akaniuliza, "Disketi ndiyo nini, mjomba?"

Nikamkumbuka Charles Sanders Peirce, Mmarekani aliyezigawa alama: zinazofanana na kitu, zinazokiashiria kama moshi na moto, na zile za makubaliano tu. Kwangu ile alama ya disketi kwenye skrini ni picha ya kitu nilichokishika mkononi, kibamba cha kuhifadhia mafaili ya kompyuta, cha megabaiti 1.44. Kwa binti ni makubaliano, kama herufi.

Na Peirce huyohuyo, mwaka 1886, alimwandikia Allan Marquand, aliyekuwa mwanafunzi wake, kwamba swichi za umeme zinaweza kufanya kazi ya mantiki, kama zifanyavyo ndani ya kompyuta hii. 1886! Kila nikilifikiria hilo nasisimka.

Binti alishabonyeza zamani. Barua ipo.