Kazi ya shangazi, ukiwa umehamia mwaloni

Kwetu Kasulu, mambo ya mwili na wanaume binti huelezwa na shangazi au bibi. Mama hukazania adabu. Ukihamia Igombe, mwalo wa wavuvi hapa Mwanza, shangazi amebaki kule na kazi yake inakuangukia wewe, tena mbele ya binti anayeujua mji kukuzidi. Wangu yuko kidato cha pili. Hivi ndivyo ninavyoifanya.

Tunaongea tukigeuza dagaa kwenye kichanja. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, maneno hutoka. Nikimkalisha tutazamane naambulia "ndiyo mama" tu. Dakika kumi zinatosha. Nikizidisha, ghafla anakumbuka maji hayajatekwa.

Siku ya kuongea naipanga kwa kuangalia mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikikomaa mitumbwi hupumzika na wavuvi hushinda nchi kavu na hela mfukoni. Hapo ndipo ofa za soda, chipsi na lifti za boda huongezeka. Siku mbili tatu kabla, naanzisha mazungumzo.

Simuulizi "ulikuwa na nani?", maana jibu lake huwa limeshapikwa. Nauliza, "Nauli ya kurudi ilitoka wapi?" Lifti ya bure ina mwenyewe, na mwenyewe atakuja kudai. Ndiyo maana noti ya elfu mbili hukaa ndani ya jalada la daftari lake, ya boda ya dharura tu, na dereva tumemchagua pamoja. Ikitumika, naiweka nyingine.

Tishio la "ukipata mimba shule basi" nimeliacha. Tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani, na mabinti wanalijua hilo. Ukishikwa na uongo mmoja, hata la kweli hatalisikiliza.

Jambo ninalolirudia kuliko yote ni saa 72. Akilala na mtu bila kinga, kwa hiari au kwa nguvu, dawa za kuzuia VVU, yaani PEP, lazima zianze ndani ya saa hizo, mapema iwezekanavyo, na zimezwe siku 28 bila kukatiza. Hupimwa kwanza. P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, navyo ni vya mimba tu. Havizuii virusi, ingawa mabweni mengi yanaamini hivyo. Kadiri vinavyochelewa ndivyo vinavyopungua nguvu, na akitapika ndani ya saa mbili arudie dozi.

Sasa, kinachozila saa hizo ni fimbo. Binti anayeogopa kipigo Jumamosi usiku atanyamaza hadi Jumatano, na Jumatano PEP haipo tena. Kwa hiyo tumewekeana sharti: usiku huo hakuna kipigo, hakuna kelele, hakuna majirani. Tunaanza na kituo cha afya au Sekou Toure, hospitali ya mkoa. Akiwa amelazimishwa, nguo zinaenda bila kufuliwa, kisha Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kwa mtu mzima na binti wa chini ya miaka 18, sheria haiulizi kama alikubali.

Akishindwa kuniambia mimi, yupo mama mmoja wa Kasulu tunayeuza naye dagaa, aliyekubali kuwa shangazi wa huku. Siri za binti anazitunza, isipokuwa za hatari. Ipo pia 116, simu ya bure ya watoto. Baba wa binti sharti amelikubali, ila bado anataka fimbo ibaki ukutani ionekane.