Ushauri wa "ongeza dawa" nusura utumalizie viinitete

Watoto wa kwanza wa IVF, yaani wa mayai yaliyotungishwa maabara nje ya mwili, nchini Kenya walizaliwa mwaka 2006, kwa hiyo fani yetu bado changa na mengi tunafundishana kwa mdomo. Ndiyo maana ushauri mbaya unasafiri haraka. Ulio mbaya kuliko wote ni huu: visahani tunamolelea viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kutungishwa, vikichafuka kwa vijidudu, zidisha antibiotiki. Mimi niliambiwa hivyo na mtu mwenye cheo kunizidi, hapa Nairobi, na nashukuru Mungu sikumsikiliza.

Jioni tulikuwa tumeweka mayai ya mama mmoja pamoja na mbegu za mumewe. Asubuhi natoa visahani niangalie utungisho, midia, kile kimiminika cha kulishia mayai, imekuwa kama maji yaliyooshea mchele. Kwenye hadubini, vijiti vidogo vinachezacheza kila upande. Bakteria kama E. coli akipata joto la nyuzi 37 na chakula cha kutosha huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Mmoja huwa wanane kwa saa moja; usiku kucha wanakuwa wangapi?

Kelele zikaanza. Huyu analaumu inkubeta, lile kabati la joto la kutunzia visahani, yule analaumu dada wa usafi, mwingine keshabeba Jik anataka kupiga deki maabara nzima. Nilimzuia mlangoni. Mvuke wa Jik hauishii sakafuni, na mle ndani kulikuwa na viinitete vya wagonjwa wengine.

Hao wengine ndio walionipa jibu. Visahani vyao, rafu ileile, vilikuwa safi. Kisahani cha midia tupu, ambacho huwa naacha humo bila yai wala mbegu, kilikuwa safi pia. Uchafu ungekuwa wa hewa au wa trei ya maji, ungechagua vipi familia moja? Uliingia na manii, na huko ndiko bakteria hutoka mara nyingi.

Sasa hiyo dawa ya kuzidisha. Midia yetu inakuja na antibiotiki ya jentamisini tayari. Bakteria akistawi ndani yake, maana yake ameizoea, na ukiongeza kipimo anayeumia ni kiinitete. Ingekuwa hamira ya Candida ndiyo kabisa, antibiotiki haiigusi.

Nilichofanya ni kuosha, na hapa ndipo naona fahari. Nilipanga matone mengi ya midia safi chini ya mafuta. Nikayavua mayai yaliyotungishwa zile seli za nje, maana bakteria hujificha humo, nikabaki na yai na ganda lake, ambalo ni ngao nzuri. Kisha tone baada ya tone. Wengi hufanya hivyo kwa pipeti ileile, wanamhamisha bakteria pamoja na yai halafu wanashangaa. Mimi kila tone pipeti mpya, navuta maji kidogo mno, nalibingirisha yai polepole, nasonga mbele. Mgongo uliniuma vibaya. Tone la mwisho sikulitupa: nililirudisha kwenye joto peke yake, bila yai, kwenye inkubeta iliyokuwa haina mgonjwa. Kesho yake lilikuwa angavu kabisa. Viinitete vilikuwa vimegawanyika.

Kimoja tulikirudisha mapema kwa mama. Hakikushika, na nililia naye.

Ila majibu ya maabara ya vijidudu yalikuja: E. coli sugu kwa jentamisini, lakini dawa nyingine inammaliza. Mume akatibiwa, akapimwa tena. Mzunguko wa matibabu uliofuata, alikojoa kwanza, akanawa kwa sabuni, akatolea kwenye kikopo tasa. Usisahau kuwaeleza wanaume haya kwa upole, wengi huona aibu kuuliza. Baada ya kuosha mbegu tulitumia ICSI, njia iliyotangazwa Ubelgiji mwaka 1992: unachagua mbegu moja, unaidunga ndani ya yai, na yai halilali usiku kucha na maelfu ya mbegu na wageni wao. Bili ilipanda, sitaficha. Visahani vilibaki safi mpaka mwisho, na mama akajifungua binti.

Siku hizi mwanaume hapangiwi tarehe kwangu kabla majibu ya manii yake kurudi. Wapo wanaonung'unika kwamba hizo elfu chache za kipimo ni kuwasumbua wagonjwa. Mzunguko mzima hula laki kadhaa, na mayai yaliyopotea hayarudishiwi pesa.